Shanta la Dada

Ziwa la tatu tulilifikia tukiwa hoi. Niseme ukweli, aliyekuwa hoi ni mimi. Dada yangu alichoka kidogo tu. Lakini macho yangu yalikuwa kwake, maana ndiyo kazi iliyonipandisha mlimani.

Tangu aanguke bafuni, ndugu zetu hawakumpa pumzi: ahame nyumba yake, aje akae kwangu, katika chumba cha nyuma ninakoweka cherehani zangu. Dada ni mjane, na mtu wa kuambiwa si yeye. Akasema atauzunguka mlima kama tulivyozoea, tulale huko usiku mmoja, maziwa yote na miinuko yote, na mzigo wake mgongoni mwake. Akirudi nao, midomo yetu ifungwe. Akishindwa, atafunga virago. Sote tukakubali, nami nikatumwa kuwa shahidi.

Sikuwa shahidi mwema. Nilitaka ashindwe. Nimechoka kumkimbilia kila asipopokea simu, nimechoka kushona roho ikiwa juu. Kila alipoinama kufunga kamba za viatu nilijisemea, sasa ndiyo basi. Anainuka, anakwenda. Upepo wa kule juu hauna adabu, mawe yanateleza, naye anachechemea huku akinisimanga kwamba sisi mafundi cherehani tumekaa sana, hata tukitembea tumekaa.

Jioni, ndani ya hema, alivua soksi akidhani nimempa mgongo. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, na goti la kulia limeumuka. Akalikanda polepole bila kuguna, kisha akavaa soksi zake tena. Huruma ikaniingia, na huruma haina mpango. Nikataka ashinde.

Asubuhi, tulipomaliza chai, aliteremka ziwani kusuuza vikombe. Nikafungua shanta lake. Nikatoa sufuria, jiko la gesi na vigingi vya hema, nikavitia katika langu, kisha nikajaza pengo kwa sweta langu ili lisionekane limepwaya. Aliporudi akalibeba, akatulia kidogo, akakaza mikanda, akatangulia. Nami nikamshukuru Mungu.

Mwanya wa mwisho, pale njia inapopenya kati ya vilele viwili, nusura unitoe roho. Nilifika natambaa. Kule bondeni tuliona paa la bati la kituo tulikoacha gari, na kuanzia hapo ilikuwa ni kuteremka tu. Dada akaketi juu ya jiwe, akavua shanta, akaliweka miguuni pangu.

"Sufuria yangu unayo wewe," akasema.

Nikaanza kujiumauma. Nikamwambia ni vitu vichache, hakuna atakayejua, na kama hataki navirudisha sasa hivi. Nikaanza kufungua mabegi. Akanishika mkono.

"Acha, mdogo wangu. Nakungoja uniambie tangu kule ziwani."

"Dada, umeshinda. Si umefika?"

"Nimefikishwa. Ukiniona nachechemea tu, unanibebea kwa siri. Nikibaki kule kwangu utakuwa unakuja kila siku kuninyang'anya sufuria. Nitakuwa mgonjwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Heri nije kwako, nijue moja."

Nikamsihi. Mimi niliyepanda nikiomba ashindwe, nilipiga magoti kwenye changarawe kumbembeleza abebe begi lake. Akakataa. Akaniuliza tu zile cherehani nitazihamishia wapi.

Nikabeba mashanta yote mawili, moja mgongoni, jingine kifuani. Yeye akateremka mbele yangu mikono mitupu, na mteremko wote ule hakusimama kupumzika hata mara moja. Mimi nilisimama mara nyingi, nikimtazama anavyozidi kuniacha.