Nyama Yako, Mifupa Yetu

Tufail alitoka nyumbani amewaka moto, maana viganja vya mwanawe Saqib vilikuwa vimevimba kwa fimbo za shule. Mwalimu Nazir, aliyemfundisha hata yeye mwenyewe zamani, akamkaribisha chai.

"Wewe Tufail, siku ya kumwandikisha mtoto ulisemaje? Si uliniletea sahani ya ladu tamu, ukasema, 'Nyama yako, mifupa yetu'?"

Kweli alisema. Kijijini mwao Punjab kila mzazi husema hivyo, yaani mwalimu amchape mtoto atakavyo, mradi asimvunje mfupa. Baba yake pia alisema. Lakini yalikuwa maneno ya heshima tu. Au siyo?

"Haya, kuna mfupa niliovunja?"

"Hapana, Mwalimu."

Na kabla hajajua anafanya nini, Tufail akainama, akamgusa magoti kwa heshima, akashukuru kwa chai.

Nyumbani alimkuta mkewe, Naseem, akimkanda Saqib viganja kwa mafuta ya moto na manjano.

"Haya, huyo mwalimu umempa vidonge vyake?"

"Mifupa yote mizima," Tufail alijibu, na hata yeye hakuelewa anamtetea nani.

Naseem akamkazia macho. "Kumbe mimi nilizaa mifupa mitupu?"