Profesa wa Panja

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Taasisi Kuu ya Vichwa, mimi, Profesa wa Panja, natangaza rasmi kwamba kuanzia leo hakuna unywele utakaovutwa bila ridhaa yake. Unywele ni raia. Una haki ya kupumzika."

Tangazo hilo zito lilimfikia dada yangu siku ya kwanza ya likizo yangu, na ningependa msomaji amwone vizuri Profesa aliyelituma. Alikuwa amekaa bafuni juu ya ndoo iliyopinduliwa, kavaa kaptula ya michezo ya shule, kashika simu ya zamani ya Mama yenye kioo kilichopasuka na laini mpya asiyoijua mtu. Umri wake haukumtosha hata kupiga kura. Taasisi Kuu ya Vichwa ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, na mlango wake ulikuwa hauna komeo.

Profesa ni mimi. Nyumbani wananiita Mheshimiwa kwa sababu ya namna ninavyoongea. Shuleni, bweni zima la wasichana linanijua kwa kipaji kimoja: hakuna tangazo la matroni nisiloweza kuliiga. Niliwahi kubandika ubaoni kwamba siku ya Jumatano ni marufuku kupiga chafya bila kibali, na kuna msichana alikwenda ofisini kuomba kibali. Mtu mwenye kipaji cha namna hiyo hawezi kukaa likizo nzima anaosha vyombo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Dada ana siri, na siri yenyewe ilikuwa kwenye panja. Dada anafanya kazi mapokezi, katika hoteli ambayo meneja wake anataka wasichana wote wavute nywele nyuma na kuzibana kisogoni mpaka nyusi zipande. Na nywele zenyewe zilikuwa rasta nyembamba za kufika kiunoni, alizosukwa na msusi wa kona, mwanamke mwenye vidole kama koleo. Msusi avute mbele, meneja avute nyuma, na nywele zilizokuwa katikati ya ugomvi huo zikaamua kuhama. Pande zote mbili, juu ya masikio, ilibaki ngozi inayong'aa. Kila asubuhi Dada alichukua wanja akajichorea nywele pale. Jua likiwa kali, nywele hizo zilimtiririka mpaka shavuni.

Harusi yake ilikuwa inakaribia. Alitaka siku hiyo aingie bila wanja, basi. Hakutaka kingine.

Dada alimshuku kila mtu. Alishuku maji ya hotelini. Alishuku sabuni ya Mama. Kuna mwenzake wa kazini aliyewahi kuazima chanuo lake na kulirudisha safi, safi mno, huyo naye akaingia kwenye orodha. Msusi alipoulizwa alisema tatizo ni mawazo; bibi harusi wengi huwaza.

Ndipo Profesa alipojitokeza. Dada aliuliza kwanza nani kampa namba yake. Profesa akajibu kwamba Taasisi huchagua vichwa kwa umakini mkubwa na haitaji vyanzo vyake. Nilitegemea matusi. Badala yake ukaja ujumbe mfupi: "Zinaweza kurudi?"

Mtu mwema angeishia pale. Mimi nilimwamuru asimame dirishani kila asubuhi na kuzisalimia nywele zake kwa upole, akianza na upande wa kulia kwa kuwa ndio mkubwa. Kesho yake nikiwa kitandani, maana tunalala chumba kimoja, nilimsikia anazisalimia. Niliuma mto mpaka mbavu zikaniuma.

Jioni yake alikaa mbele ya kioo, akavua kitambaa, akagusa panja la kushoto kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa jeraha la mtoto. Akaniuliza, bila kugeuka, "Mdogo wangu, niambie kweli. Inaonekana sana?"

Nikasema haionekani. Nilikuwa nimekaa mbali, na niliiona.

Tangu hapo Profesa akaacha upuuzi na kuingia darasani. Nilisoma mpaka macho yakawa mekundu, nikasoma maelezo ya madaktari wa ngozi na ya wasusi walioacha kuvuta. Nikajua kwamba nywele zikivutwa muda mrefu shina huchoka, na likichoka kabisa halirudi. Lakini likiwahiwa, linaweza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliandika tangazo nikiwa na hofu ya kukosea.

Tukaanza kuchagua mtindo. Rasta nyembamba Profesa alizikataa: ni nywele chache kubebeshwa mzigo mkubwa. Dada akauliza je, wigi? Profesa akasema la kubandikwa kwa gundi hapana, gundi huondoka na wenyeji. Akauliza habari ya meneja wake. Tulizunguka hapo siku kadhaa, tukafikia mistari minene ya kurudi nyuma, nywele zake mwenyewe tupu, ikiishia kwa kusokotwa na kulazwa chini kisogoni kwa pini, bila mpira wa kubana. Meneja ataona kichwa nadhifu. Panja hazitasikia kitu. Na masharti yakawa haya: ukiinua nyusi ukahisi ngozi inagoma, fumua. Ukiona vipele kwenye mizizi, fumua. Kichwa kikiuma hata ukitaka kulala, usisubiri asubuhi.

Msusi wa kona alipopewa maagizo hayo alimtazama Dada kama mteja aliyeagiza chai isiyo na maji. Akasema kazi isiyouma wateja huidharau, wanaona hukufanya kitu. Akauliza huyo Profesa ameshika kichwa cha nani. Lakini alisuka, huku anaguna, na Dada alirudi nyumbani akiwa na uso wake wa zamani, macho yamerudi mahali pake.

Baada ya wiki chache vikatokea vinyweleo, laini kama vya mgongo wa kifaranga. Dada alinivuta dirishani nivione. Nilimpongeza kwa maneno ya kiasi. Moyoni nilikuwa nimejitunuku nishani.

Tatizo ni kwamba mwanamke anayetabasamu na simu huwa hatabasamu peke yake. Nyumba nzima hutazama. Wa kwanza alikuwa Mama. Mama ni fundi cherehani, hushonea sebuleni, futi kaining'iniza shingoni, na jicho lake hupima mtu hata asiposimama. Alianza kuniuliza kwa mzunguko. Huyo Profesa ana mke? Analipwa na nani? Nikasema huenda ni mwanazuoni tu anayependa watu. Mama akakata uzi kwa meno, akasema mwanamume anayejua nywele za mwanamke kiasi hicho ana lake jambo. Kisha akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikaenda kuosha vyombo kwa hiari, kosa kubwa, maana lilimwongezea shaka.

Wa pili alikuwa Shemeji, mchumba wa Dada. Ni mpima ardhi, mtu wa maneno machache, hukaa kwenye kochi kama anayetafuta pa kupigilia kigingi. Jumapili moja Dada alikuwa jikoni, simu yake iko mezani, na Profesa alikuwa ametoka kutuma agizo jipya dakika ile ile, kutokea bafuni. Nilirudi sebuleni nikakuta Shemeji ameinama juu ya meza. Ujumbe ulikuwa unawaka wenyewe.

Aliusoma kwa sauti, polepole, Dada alipoingia na sinia. "Kitambaa usikifunge fundo pembeni mwa kipaji cha uso unapolala. Linakula panja la kushoto, upande unaoulalia."

Cherehani ya Mama ikanyamaza.

"Huyu amejuaje unalalia upande gani?" Shemeji akauliza.

Dada aliweka sinia mezani. Nilidhani ataona aibu. Alichoona kilikuwa kibaya zaidi, nami nilikiona kinampanda usoni: hofu. "Sijawahi kumwambia," akasema. "Sijamwambia mtu yeyote."

Shemeji aliaga bila kugusa kinywaji. Jioni alimwandikia kwamba hatakanyaga tena pale mpaka aambiwe huyo mtu ni nani, na kwamba mama yake, aliyekuwa aje Jumamosi kumwona mkwe, anaweza kuja au asije, ni juu ya Dada.

Usiku ule nyumba yetu ilikuwa kama kituo cha polisi. Mama alishona pazia zito juu ya pazia. Dada alimshuku mlinzi wa jengo la mbele, ambaye maskini hata miwani yake imefungwa kwa uzi. Akashuku tundu la ukutani, akaliziba kwa sabuni. Mimi nilimulika tochi chini ya vitanda, nikatoa taarifa kwa sauti ya kazi kwamba uvungu ni salama, huku simu ya Profesa imo ndani ya soksi yangu, inanichoma kifundo.

Ningeweza kusema pale pale. Msomaji anayejiuliza kwa nini sikusema hajawahi kumwona Mama akiwa na futi mkononi. Badala yake Profesa aliandika ujumbe mrefu wa kujieleza pamoja na agizo lake la mwisho. Haukwenda. Dada alikuwa ameshaifungia namba yake.

Ijumaa mchana alivaa viatu akasema anakwenda kwa msusi. Nikauliza kufanya nini, mistari bado mizuri. Akasema anataka rasta zake nyembamba kama zamani. Mama mkwe akute kichwa anachokijua, na Shemeji ajue kwamba yule mtu hana neno tena juu ya hata unywele wake mmoja.

Nikamfuata. Njia nzima nilitunga hotuba nzuri, zote zikimhusu mtu mwingine.

Duka la msusi ni chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kilichozungukwa na picha za vichwa vya watu waliovutwa vizuri. Msusi alimpokea Dada kama mtoto aliyetoroka na kurudi. Alifumua mistari yetu kwa haraka isiyo na heshima. Akachovya kidole kwenye mafuta, akachora njia kwa mkia wa chanuo, akaanza mbele kabisa, kwenye panja la kushoto. Akavikusanya vile vinyweleo, vifupi, havishikiki, akavilazimisha kwa ukucha kuingia kwenye rasta, akavuta. Jicho la Dada likapanda pembeni. Akafumba macho. Amezoea.

Msusi akauliza kama inauma. Dada akasema hapana.

"Asianzie hapo," nikasema.

Msusi akaniambia nikae kwenye benchi, watoto wa shule siku hizi wana midomo.

"Aanzie nyuma ya vinyweleo, aache upana wa kidole," nikasema. "Visiguswe mpaka viweze kupinda vyenyewe. Vikikatika sasa, safari hii havirudi. Profesa amesema."

Dada alifumbua macho. Aliniangalia kupitia kioo, kichwa kikiwa bado mkononi mwa msusi.

"Amesema lini?"

"Jumapili usiku."

"Profesa hakuniandikia hilo." Alisema taratibu, kama anayehesabu chenji iliyopungua. "Nimezisoma zote, nazijua kwa moyo. Upana wa kidole hakuniandikia."

Ni kweli. Lilikuwa kwenye ule ujumbe uliokwama. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyeujua, na mtu huyo alikuwa amesimama katikati ya duka la msusi, mdomo wazi, hana hata ndoo ya kukalia.

Dada akanyoosha mkono. Nikainama, nikavua kiatu, nikatoa simu kwenye soksi. Aliusoma ujumbe mzima. Msusi naye alisoma kwa juu ya bega lake, rasta ikiwa imening'inia kati ya vidole vyake.

"Huyu ndiye Profesa?" akauliza. "Huyu?" Akaanza kucheka, akaona uso wa Dada, akaacha.

Nilingoja kofi. Dada aliuliza jambo moja tu. "Katika yale uliyoniambia, kipi ulisoma na kipi ulitunga? Hiki ni kichwa changu, Mheshimiwa. Nilikuachia kichwa changu."

Nikamwambia ya kusalimia dirishani nilitunga, mengine yote nilisoma, nikamtajia nilikosoma.  Kisha akamwambia msusi afumue ile rasta, na aanze tena, mistari minene, upana wa kidole kutoka ukingoni. Msusi akapima kwa kidole chake mwenyewe, akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Hakuguna.

Dada alikuwa ameshatoa simu yake mwenyewe na kupiga. Alisubiri ipokelewe, akasema, "Kuna mtu anataka kuongea na wewe," akaniwekea sikioni. Sikuwa nimejiandaa. Hapakuwa na Taasisi wala mamlaka, ila sauti ya Shemeji ikiuliza nani.

"Shikamoo, Shemeji," nikasema. "Ni mimi. Hakuna profesa. Fundo nililiona kwa sababu kitanda changu kinatazamana na chake."

  Kwenye kioo Dada alikuwa amenikazia macho, mkono wa msusi ukienda kichwani kwake polepole, nikajua kwamba nimesema nusu, ile nusu nyepesi.

"Nilianza kwa kumcheka," nikasema. "Alikuwa analia kwa ajili ya nywele zake, na mimi nikaona ni mchezo."