Sijakubali

Mabango yalipofika kutoka kwa mchapaji, mama yake Nyundo ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitazama moja. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe nimekuzaa mimi. Huyu sijui kazaliwa na nani."

Sebule nzima iliangua kicheko, isipokuwa Nyundo mwenyewe. Jina hilo alilipatia bungeni, alipokuwa naibu spika, kwa jinsi alivyogonga meza mpaka wapiga kelele wakafyata mkia. Sasa alitaka chama kimteue kugombea urais. Kiti hicho kilikuwa hakijawahi kukaliwa na mwanamke, wala na mtu mweusi. Na katika nchi ile, weusi walikuwa wachache.

Kwenye bango walikuwa wamemfifisha ngozi mpaka ikawa kama chai iliyozidishwa maziwa. Pua nayo walikuwa wameichonga.

"Tumekupunguza makali tu, shemeji," alijitetea mdogo wa marehemu mumewe, aliyesimamia kampeni. "Watu wakishakuzoea, utarudi kuwa wewe."

"Wakimzoea huyu, mimi watanizoea lini?"

Mabango yakarudi kwa mchapaji siku hiyo hiyo.

Kesho yake mwenyekiti wa chama alimwita ofisini. Ukutani zilipangwa picha za viongozi waliopita, wanaume watupu, rangi moja. Mwenyekiti alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada yangu, mimi binafsi sina neno na wewe. Shida ni nchi. Nchi bado haijawa tayari. Chukua umakamu wa rais, utulie."

"Hiyo nchi umekutana nayo wapi, mwenyekiti? Mimi nimezunguka sokoni na viwandani. Wapo walionitukana. Mmoja aliniambia nikapike. Lakini wa kunibembeleza kwa chai nijitoe, ni wewe peke yako."

"Unaelewa lakini tunachokupa?"

"Naelewa sana. Mnataka sura yangu ikae kwenye picha, mdomo ubaki nyumbani."

Akaondoka, chai hakuigusa.

Siku ya mkutano mkuu ukumbi ulifurika. Alipopanda jukwaani, mtu mmoja nyuma akatoa mlio wa nyani. Wengine wakacheka chini chini, wengine wakainamisha macho. Nyundo akashika kingo za meza, akasubiri mpaka ukumbi ukawa kimya.

"Mwenye sauti hiyo aje hapa mbele, nimpe kipaza sauti," alisema. "Asipokuja, basi aninyamazie niseme."

Hakuja mtu. Akasema yake yote, kuhusu mishahara, hospitali na ardhi, na alipomaliza hata waliocheka walikuwa wakipiga makofi.

Kura zilihesabiwa mara mbili. Akashindwa, kwa tofauti ndogo mno. Alikuwa bado anaimeza habari hiyo aliposikia mwenyekiti akitangaza kwa furaha:

"Na dada yetu amekubali kuwa mgombea mwenza!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mshindi alikuwa ameshanyoosha mkono wampige picha naye. Nyundo akapanda ngazi polepole, akaupita ule mkono, akachukua kipaza sauti.

"Sijakubali," alisema. "Sijaulizwa tena, na nilipoulizwa nilikataa. Mwenyekiti alisema nchi haiko tayari. Karibu nusu yenu mmenipigia kura leo. Nyinyi si watu wa nchi hii?"

Wapo waliomzomea. Lakini wanawake wa safu za nyuma walisimama, wakafuatwa na wanaume wa vyama vya wafanyakazi, na mwenyekiti akabaki anajifuta jasho.

Garini ndipo alipolia, kilio kifupi cha hasira, leso ikalowa. Shemeji hakuwasha gari mpaka alipomaliza.

"Nikupeleke nyumbani, shemeji?"

"Twende redioni kwanza," alisema, akijifuta macho. "Kabla hawajanisemea tena."