Tahadhari Hazisemwi Duarani

Mama yangu mzazi, Mwanaidi binti Akida wa Shinyanga mjini, hakukuacha utoke mlangoni bila onyo. Tena hakuwa na onyo moja. "Angalia" ilikuwa ya miguu: miiba, mawe, mavi ya mbuzi. "Chunga" ilikuwa ya ulimi. "Jihadhari" aliiweka kwa ajili ya wanaume, na alipoisema alinishika sikio. "Kuwa macho" ilikuwa ya sokoni kwenye wezi. "Tahadhari" yenyewe aliitoa kwa sauti ya chini, kwa mambo mazito kama kipindupindu na safari. Sisi wanawe tulimcheka. Tulisema siku atakapokufa atawaambia wachimba kaburi waangalie vidole.

Nikaolewa na Maige, Msukuma wa Didia, mchimba dhahabu. Mwaka themanini na tatu alinihamishia Geita na binti yetu Zamoyoni, kwenye machimbo ya porini, na huko nikakuta maneno yote ya mama yamepigwa marufuku.

Duara, shimo lao la kushukia kwenye dhahabu, lilikuwa na mwiko wake. Anayezama, yaani anayeshuka humo, haambiwi aangalie wala ajihadhari, kwa kuwa kuitaja hatari ni kuiita. Unamwambia "Haya", basi, kama anayekwenda kunawa mikono. Mimi na ujinga wangu wa mjini, wiki ya kwanza tu nilipeleka uji nikamkuta Mzee Selestine anashuka na kamba. Nikasema, "Baba, angalia." Jioni walimpandisha mguu umevunjika.

Hawakunipiga. Walinitazama tu, na mtazamo ule naujua. Miaka ile huko kwetu wanawake walikatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi wenyewe haukuzidi huo uliokuwa juu yangu. Maige alinitetea mpaka sauti ikamkauka. Tulipofika kibandani akaniambia, "Mama Zamoyoni, ukirudia sitaweza kukukinga. Funga mdomo, nakusihi." Nikamwapia.

Masika ilipoingia, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne asubuhi nilikuwa napeleka uji, nikapitia nyuma ya duara kuokota kuni. Nikaona ufa. Ulianzia kwenye kichuguu ukapinda kufuata ukingo wa duara, hatua kama sita, na kiganja changu kiliingia chote. Nilipochungulia, matimba ya upande ule, yale magogo yanayozuia udongo, yalikuwa yamesukumwa ndani.

Nilikimbia kuzunguka. Maige alikuwa amekwishakaa ukingoni, miguu inaning'inia, kamba mkononi. Wenzake wawili walikwishatangulia chini. Pembeni alisimama Pantaleo, mtu wa Ushirombo, msimamizi wa duara.

"Mwangaluka, shemeji," akanisalimu, na watu wote pale wakageuka kunitazama mdomo.

Kwetu husemwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Husemwa pia, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wahenga wanatuachia methali mbili zinazogombana, halafu wanakufa. Mimi nilisimama na chupa ya uji, maneno matano ya mama yamenijaa kooni, na nilimwogopa Pantaleo kuliko ule ufa. Ndiyo kweli yenyewe, sina haja ya kuipamba.

"Vipi, Mama Zamoyoni, mbona unahema?" Maige akauliza.

"Uji unapoa."

"Mpe Zamoyoni. Mimi nitakunywa nikipanda."

"Haya," nikasema.

"Haya," akajibu, akazama.

Ningeweza kumwambia mtoto anaumwa, ainuke twende hospitali. Uongo haukuwa mwiko pale. Lakini wazo hilo halikunijia mpaka siku ya tatu ya msiba, na tangu lilipokuja halijaondoka.

Jua halijafika utosini duara likafunga, kuta zikaporomokea ndani. Walifukua siku mbili, wakamtoa Maige peke yake, wale wawili udongo ukawameza. Tulimsafirisha kwa lori mpaka Didia, tukamzika nyuma ya zizi la baba yake.

Pantaleo alikuja matangani. Alivua kofia, akakaa ukingoni mwa mkeka wangu, mama yangu akisikia. Akaongea kwa upole, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

"Shemeji, pole sana. Hii ni kazi ya Mungu. Nami wenzangu wamenituma nikushukuru. Safari hii hukutamka neno. Ungetamka, sijui tungekufanya nini. Ulijua kujihadhari."

Mama alinigeukia kwa fahari, akaniminya mkono. Kwa mara ya kwanza maishani niliona amefurahi kwamba nilimsikia.

Nilitamani wangenikata mapanga pale pale ukingoni, Maige akiwa juu ananililia.

"Ahsante, shemeji," nikasema.