Namba ya Tatu

Uthmani alikuwa na miaka kumi na sita kwenye kiti cha kulia, na kiti cha kulia, kwa wanaojua ndege, ni kiti cha anayesubiri. Kushoto anakaa komanda, mwenye neno la mwisho. Kulia anakaa msaidizi, anayeongea na redio na kusoma vipimo kwa sauti, na ndege ikitua vizuri wala hakuna anayemkumbuka.

Kampuni yao, Ailes du Lac, ilikuwa na ndege mbili za abiria kumi na tisa na orodha moja ya marubani. Orodha ndiyo iliyotawala. Haikujali nani hodari wala nani shemeji ya nani, na katika Bujumbura ya miaka ile hilo halikuwa jambo dogo. Ilifuata saini za daftari la ajira: aliyetangulia kusaini yuko juu, na anabaki juu mpaka astaafu. Mzungu aliyeianzisha kampuni aliongeza kanuni moja kabla ya kurudi kwao Ubelgiji. Jina la rubani halifutwi na ofisi. Anayelifuta ni yule aliye chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, na aandike sababu. Alidhani kwa njia hiyo watu wataoneana haya.

Siku ya kusaini, mwaka wa themanini na sita, Uthmani ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, baba yake fundi magari, na daftari lilikuwa wazi mbele yake, kalamu mkononi. Akaingia Méthode, ametoka Ngozi juu ya lori la kahawa, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Sasa mtu wa Buyenzi afanye nini? Kwao mgeni hatanguliwi, hata kama ni kwenye mlango wa choo. Uthmani alimpa kalamu akamwambia karibu, pita. Méthode akawa wa tatu, yeye akawa wa nne. Saliha, mkewe, alimcheka kwa hilo miaka yote, na miaka ya mwanzo hata yeye mwenyewe alicheka.

Desemba ya 2002 aliacha kucheka. Gaspard, komanda wa pili, alipata kazi Lubumbashi, na kiti cha kushoto kikabaki wazi. Daphrose, mkuu wa ofisi ya safari, mama asiyependa maneno mengi, alimwita Uthmani asubuhi na kufunga mlango.

"Muzee, kaa. Kiti ya Gaspard iko wazi. Kwa liste, ni ya Méthode."

"Najua."

"Méthode hayuko hapa tangu miaka saba. Kama alienda kwa kupenda, anafutwa, na kiti ni yako leo leo. We ndiye unamufuata, we ndiye unasaini. Andika tu: aliacha kazi kwa kupenda."

"Na kama hakupenda?"

"Basi lazima tumuite, tumungojee siku makumi tatu." Daphrose alivua miwani. "Na we unajua siku makumi tatu ni nini kwako."

Alijua sana. Mtu akifikisha sitini haruhusiwi tena kukaa kushoto, na kampuni haikumpeleka kozi ya ukomanda mtu ambaye hakubakiwa na miaka miwili kamili. Cheti cha Uthmani kilisema alizaliwa tarehe moja Januari 1945. Uongo mtupu. Mama yake alisema alizaliwa kiangazi, mvua zimeshasahaulika, lakini karani wa wakati wa Wabelgiji hakuwa na muda wa kuuliza. Kila mtoto wa mtaa ule alizaliwa tarehe moja Januari, kana kwamba mama zao walipeana ahadi. Kwa hiyo wiki tatu tu zilibaki afikishe miaka hamsini na minane ya karatasi, na baada ya hapo kozi hakuna, ukomanda hakuna, mpaka kufa.

"Unipatie mpaka kesho," alisema.

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima mawazo yake yalikuwa nyuma, kwenye Juni ya mwaka wa tisini na tano. Wiki ile Wahutu wa mtaa wa Kamenge, alikokaa Méthode, walikuwa wanamwagwa barabarani. Méthode aliingia kwake kupitia uani, kiatu kimoja mguuni, akasema wamekwisha kuuliza jina lake kwa jirani. Uthmani alimvisha kanzu yake na kofia yake, akamketisha kwenye gari la shemeji, wakashika njia ya Gatumba, kuelekea Uvira, Kongo. Kabla ya daraja vijana waliwasimamisha, na fimbo zao na bunduki moja. Uthmani aliwaambia huyu ni kaka yangu, Mwislamu wa Buyenzi, tunaenda kuzika. Mmoja akasema kama ni Mwislamu aombe tuone. Uthmani aliona dunia inaishia pale. Méthode akainua mikono, akaisoma Fatiha kuanzia mwanzo mpaka amina, bila kukwama. Miaka tisa walikuwa wakipanda pamoja gari la kampuni kwenda uwanjani, na kila asubuhi kabla halijaondoka Uthmani aliisoma kwa sauti. Méthode, Mkatoliki mwenye rozari mfukoni, alikuwa ameishika yote.

Mpakani waliagana. Baadaye vita vya Uvira vikawatawanya wakimbizi tena, na habari ya mwisho ilisema yuko Tanzania, kambi ya Mtabila. Halafu vikwazo vya nchi jirani vikafunga anga, ndege zikalala miaka, na jina la Méthode likabaki kwenye orodha kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kulifuta. Alivyotoka mjini, katika kampuni yote, Uthmani peke yake ndiye aliyejua.

Saliha alimpakulia ndagala wa ziwani na ugali akamsikiliza mpaka mwisho.

"Saini, Baba Mwanne," alisema. "Méthode mwenyewe angekuwa hapa angekuambia usaini. Ulimuokoa, si inatosha?"

"Nilimuokoa kwa kudanganya."

"Sasa danganya mara moja tena, ujiokoe we."

Uthmani alikuwa anakitaka kiti kile, mtu asimsingizie utakatifu. Alikitaka kwa uchungu, kama anavyotaka kulala mtu aliyekesha msibani. Alitaka siku moja tu abiria wapande, waangalie mbele, waone ni yeye. Lakini kila alipojaribu kujisomea maneno yale, aliacha kazi kwa kupenda, aliona kile kiatu kimoja.

Kesho yake aliandika kwenye daftari: Hakupenda kwenda. Alifukuzwa. Nilimpeleka mimi.

Daphrose alisoma mara mbili. "Muzee, hii hakuna mutu anaijua."

"Mi naijua."

"Unajiua mwenyewe."

"Najua, mama. Tuma barua."

Barua ilikwenda kwa mkono wa Msalaba Mwekundu, maana posta ya kambini ndiyo hiyo. Ilimwambia Méthode kwamba kampuni bado inamhesabu namba tatu, kwamba kiti kiko wazi, na aliye chini yake, Uthmani, anangoja jibu lake. Siku zikaanza kwenda. Uthmani aliruka Kigali, akaruka Mwanza, akasoma vipimo kwa sauti. Tarehe moja Januari ilimkuta angani, juu ya mawingu ya Muyinga, na hakuna aliyemwambia lolote. Espoir, kijana wa Uvira wa miaka thelathini na mmoja, namba ya tano, alimfuata uwanjani jioni ile, kofia mkononi.

"Muzee, wanasema kama Méthode hakuje, ni miye naenda kozi. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Liste ni liste. Ukifika kule usome vizuri."

Alilisema vizuri, kisha akaenda kukaa nyuma ya bohari la mizigo na kulia kwa hasira. Alimkasirikia karani wa Wabelgiji. Alimkasirikia Méthode kwa kutoka Ngozi siku ile ile. Zaidi alijikasirikia mwenyewe, na adabu zake za Buyenzi.

Jibu lilifika tarehe nane Januari, saa ya chakula cha mchana. Karatasi ya Msalaba Mwekundu huja wazi, bila bahasha, kwa hiyo Daphrose alikuwa amekwisha isoma. Alimpa bila kumtazama usoni.

"Ndugu yangu Uthmani," iliandikwa, kwa mwandiko wa mtu mwingine. "Macho yangu imekufa. Hii barua natamka, mwalimu wa hapa anaandika. Mi nilijua mulinifuta zamani, ile mwaka nilienda. Hapa nyumba yetu ya plastiki iko na namba, karte ya chakula iko na namba, nilisahau kama nilikuwa na ingine. Nimeomba wanisomee mara tatu pale wameandika mi ni wa tatu. Bibi yangu Adélaïde alilia. Sasa nifute bila wasiwasi. Ulinipatia kalamu, leo nakurudishia. Ukae kiti yako, komanda."

Uthmani alisoma akarudia. Daphrose alisogeza daftari mbele yake, naye akalifuta jina, na kwenye sababu akaandika: macho. Akawa wa tatu mwenyewe, siku saba baada ya namba hiyo kupoteza maana kwake.

Nyumbani Saliha aliisoma barua amesimama mlangoni, akaketi.

"Hajui kama kiti imeenda," alisema.

"Atajulia wapi."

"Utamwambia?"

Uthmani alikuwa amekwisha vuta karatasi. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, ili mwalimu wa kambini asikosee kusoma: Ndugu yangu Méthode, nimekaa. Kushoto. Jana nilipeleka watu kumi na tisa Mwanza, tukatua vizuri.

Kisha akampa Saliha kalamu aandike salamu kwa Adélaïde, akaenda kulala kidogo, kwa sababu saa kumi ilikuwa zamu yake kuruka na komanda wa kwanza, kiti cha kulia.