Wateja Waliokosa Kufokewa

Mama yangu, Bi Nhàn, alijulikana mtaani kwetu Hanoi kwa supu yake ya phở na kwa mdomo wake. Supu ya tambi inapikwa na wengi. Mdomo ule ulikuwa mmoja tu.

Aliketi mlangoni kando ya jungu, upawa mkononi, akiwafundisha watu kula. Mtu akibakiza supu atamsikia: "Ng'ombe amekufa, makaa yameteketea, mimi nimezeeka, na wewe unaona uvivu kumeza?" Msichana akiagiza bila nyama ili apungue mwili, ataambiwa, "Mwanangu, upepo ukivuma leo tutakuokota bandarini Hải Phòng. Keti hapo." Na nyama ataongezewa. Watu walicheka, wakamaliza bakuli, na kesho yake wakaja na wageni wao ili nao waonje makali. Mzee Thược, fundi saa wa nyumba ya jirani, alikuwa akisema kwamba siku asipofokewa na Bi Nhàn hana hakika kama ameamka.

Mimi, Quyết, mwanawe wa pekee, ndiye mkata nyama. Mkono wa mama niliurithi, ulimi sikuurithi. Na mke niliyemwoa, Lụa, alikuwa mpole kunishinda. Alikuja kutoka mkoa wa Thái Bình, akajifunza kuchoma tangawizi na vitunguu mpaka maganda yawe meusi, akajua mdalasini utolewe lini usije ukatia uchungu. Lakini mteja akimuuliza jambo, alijibu kama anazungumza na bakuli. Mama alimpenda, ila hakuacha kumchokoza. "Nimepata mkwe mwenye mikono ya dhahabu," alikuwa akisema. "Mdomo, nadhani waliusahau kwao."

Mwaka juzi mama akaota uvimbe kooni. Madaktari wakaukata, nasi tukashukuru kwamba haukuwa ule wa kuua. Sauti, hata hivyo, haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, na jungu likichemka hata mimi niliyesimama karibu naye sikuusikia.

Mwanzoni wateja walimwonea huruma. Wakamletea machungwa, wakala kwa adabu. Kisha wakalegea. Huyu anaegesha pikipiki katikati ya mlango, yule anaruka foleni, mwingine anapiga soga kwenye simu mpaka tambi zinavimba. Mabakuli yakaanza kurudi jikoni yakiwa na supu nusu, na mama akawa anayasindikiza kwa macho kama mtu anayeona wanawe wakipigwa. Aligonga upawa kwenye ukingo wa jungu kuwaonya. Watu wakadhani anakung'uta mafuta.

Mzee Thược akanivuta pembeni. "Quyết, mmebadilisha mifupa?"

"Hapana, babu. Ni ile ile."

"Mbona nikila hapa siku hizi najiona kama nimelazwa hospitali?"

Nikarudi kukata nyama. Jioni hiyo mama akatuita, akatunong'oneza kwamba sikukuu za mwaka mpya zikipita atafunga duka. "Duka limekuwa bubu," akasema. "Watu hawali kwa bubu, wanajaza tumbo tu." Lụa alikuwa akiosha majani ya vitunguu. Hakuinua uso, lakini mikono yake ilisimama ndani ya maji.

Basi asubuhi moja ya baridi, kukiwa na manyunyu yale yasiyotaka kunyesha wala kuacha, akaingia bwana mmoja mwenye koti la ngozi, na wenzake wawili nyuma yake. Duka lilikuwa limejaa na foleni imefika nje. Hakuiangalia. Akamgusa Mzee Thược begani.

"Mzee, wewe umeshakula. Tupishe."

Mzee Thược alikuwa hajamaliza. Hula polepole kwa sababu meno yake yamebaki ya kuhesabika. Hata hivyo alianza kuinuka na bakuli lake, na hilo ndilo lililoniuma. Mama akasimama, akafungua mdomo, mishipa ikamtoka shingoni. Hakuna kilichosikika. Nikaweka kisu chini. Kabla sijazunguka meza, Lụa alikuwa ameshafika, mabakuli mawili ya moto mikononi.

"Babu, keti," akasema. "Na wewe kaka, simama hapo hapo."

Niligeuka kutazama nani amesema. Nimekaa na mwanamke yule miaka yote, na sauti ile sikuwahi kuisikia.

"Unasema na mimi?" yule bwana akauliza.

"Nasema na wewe. Babu huyu alianza kula hapa wewe hujaota meno. Leo unamwinua kwa kuwa yake yameng'oka? Ukikitaka kiti chake, kwanza zeeka."

Mtu mmoja alipaliwa na supu.

"Nimekuja kula," bwana akasema, "sikuja kutukanwa."

"Basi umekosea mlango, maana hapa vyote viwili vinatoka jungu moja. Foleni inaanzia nyuma ya yule dada mwenye mwavuli. Koti lako la ngozi, hulowi."

Wenzake ndio waliocheka kwanza. Mmoja akamshika mkono. "Twende nyuma, bosi. Leo umepatikana."

Akaenda. Zamu yake ilipofika akapewa kiti, akapewa bakuli, na papo hapo akanyoosha mkono kuchukua chupa ya pilipili. Lụa alikuwa upande wa pili wa duka.

"Kaka, ladha ya supu umeijuaje? Umeambiwa na chupa?"

Akairudisha chupa mezani. Akaonja. Akainama, akaonja tena, na hakuinuka mpaka bakuli likawa jeupe.

Nilimkuta Lụa jikoni ameegemea ukuta. "Nimemwaibisha mama?" akaniuliza. Kabla sijajibu, mama akaingia, akamshika kifundo cha mkono, akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Umemwita kaka."

"Ndiyo, mama."

"Mtu wa tabia ile usimwite kaka. Mwite mwanangu. Inauma zaidi."

Kisha akacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega yakitikisika na machozi yakimtoka. Akatoka hivyo hivyo kwenye manyunyu, bila kofia. Akaenda kwa muuza chai, kwa kinyozi, kwa mwanamke anayeuza maua, akiwavuta mmoja mmoja awanong'oneze. Kila alikopita watu waligeuka kutazama mlango wetu. Mchana haukufika kabla mtaa mzima haujajua kwamba mkwe wa Bi Nhàn ana mdomo.

Mwaka mpya ukapita na duka hatukufunga. Mama bado anaketi kando ya jungu, na Lụa husimama ubavuni pake. Mama ananong'ona, Lụa anafikisha, mara nyingine na nyongeza zake mwenyewe. Wateja wanabishana nani mkali zaidi. Wengine wanasema mama alikuwa akikupiga na kukupoza, ilhali Lụa anakuuliza swali tu, ukaenda nalo nyumbani.

Juzi mgeni mmoja aliniuliza mwenye duka ni nani. Nikamwonyesha wote wawili.

"Na wewe je?" akauliza.

Nikamwambia mimi ni mwana wa yule na mume wa huyu, na kwamba afadhali ale supu yake kabla haijapoa, kwa sababu mke wangu ameshaanza kumtazama.