Blauzi ya Mtihani

Bibi Kola alikuwa fundi cherehani bora kuliko mafundi wote wa mtaa ule. Yeye mwenyewe alimwambia hivyo kila mteja aliyekanyaga kibaraza chake, kisha, kabla mteja hajafungua mdomo, anaongeza kwamba mtaa ule haukuwa na fundi mwingine, kwa hiyo namba moja ilikuwa yake, na ya mwisho pia yake.

Shule alisoma mpaka mwisho wa shule ya msingi. Madarasa saba aliyamaliza kwa miaka tisa, kwa sababu, alivyokuwa akieleza, walimu walimpenda mno hawakutaka kuachana naye haraka. Hesabu zake zilikuwa za futikamba: nusu, robo, robo tatu, na nyongeza ya pindo. Hizo hakuna aliyemshinda.

Alikuwa na mjukuu mmoja aliyemlea tangu wa kubebwa mgongoni, na mtaa mzima ulimwita binti huyo Mwalimu. Kwa miaka mitano alikuwa msaidizi katika darasa la chekechea, watoto thelathini na wanane, na hakuna aliyejua kuwafunga midomo na viatu kama yeye. Ila Mwalimu hakuwa mwalimu. Ili achukuliwe chuo cha ualimu ilimpasa kupita mtihani wa stadi za msingi: kusoma, kuandika na kuhesabu. Alikuwa ameufanya mara mbili. Kusoma na kuandika hakukumsumbua. Kuhesabu kulimkaba koo mara zote mbili.

Sasa ilibaki mara ya tatu, wiki saba mbele, na baada ya hiyo ukianguka unasubiri miaka miwili. Kusubiri kwenyewe si kitu, lakini mwalimu mkuu wa chekechea alikuwa amekwisha kumwita ofisini, akamkaribisha kiti, na ukiona bosi anakukaribisha kiti ujue mambo yameharibika. Alimwambia kwa upole kwamba kuanzia muhula ujao darasa litakabidhiwa mtu aliyepita mtihani. Mwalimu alirudi nyumbani siku hiyo akaufungua mfuko wake, akatoa kiatu kimoja cha mtoto alichokisahau humo, akakaa nacho mapajani mpaka bibi yake akamwuliza kama anakipima.

Kesho yake akanunua kitabu cha mazoezi. Kilikuwa na majaribio matatu, kila moja maswali hamsini, na maelezo kwamba anayepata thelathini na tano amepita. Majibu yalikuwa mwishoni, kwenye karatasi mbili ngumu. Mwalimu alijijua. Swali likimbana kidogo tu, jicho linakimbilia nyuma ya kitabu. Basi akazichana zile karatasi mbili, akampelekea bibi yake kwenye cherehani.

"Bibi, zifiche hizi. Nikikuomba usinipe, hata nikilia."

"Hata ukifa," Bibi Kola akamjibu bila kuinua kichwa. "Nitakuzika nazo."

Akaziweka mezani, juu ya rundo la magazeti anayokatia vipimo.

Wiki hiyo kazi zilimfurika. Mgahawa wa stendi ulikuwa umeagiza mashati kumi na mawili ya wahudumu, na juu ya hayo alitaka kumshonea mjukuu wake blauzi nyeupe ya kwendea mtihani, yenye kola ya kusimama, ili hata kama tumbo linatetemeka shingo isionyeshe. Katikati ya kazi kile kitambaa kigumu kinachotiwa ndani ya kola kikamwishia, na duka la vifaa lilikuwa limefungwa. Bibi Kola akafanya jambo ambalo fundi mwenye heshima zake halitangazi. Kola za mwisho alizitia karatasi, karatasi yoyote ngumu aliyoipapasa mezani, akijiahidi kwamba atafumua na kubadilisha kabla nguo hazijaonja maji. Miwani ilikuwa kichwani, na huko kichwani haimsaidii mtu kusoma. Mashati yakaenda mgahawani. Blauzi ikatundikwa ukutani kwenye kiango, ikafunikwa mfuko wa nailoni, isiguswe mpaka siku yenyewe.

Jumamosi Mwalimu akamaliza jaribio la kwanza, akampa bibi yake daftari alisahihishe. Bibi Kola akaenda kwenye rundo la magazeti. Akalipekua. Akapekua kabati, chini ya godoro, ndani ya kopo la vifungo. Chini ya cherehani akaokota ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, wenye upinde wa shingo, na juu yake namba zimepangana: moja, mbili, tatu, na majibu pembeni. Akaushika akauelewa palepale. Majibu yalikuwa yamevaliwa na mtu.

Alitoka nje akiwa na nia ya kusema. Nasema kweli, nia alikuwa nayo, na mdomo ulikuwa wazi. Lakini binti alikuwa kwenye benchi ameikunja miguu, anatafuna ncha ya kalamu, na uso wake ulikuwa kama wa mgonjwa anayengoja jina lake liitwe. Bibi Kola akafunga mdomo.

"Nitasahihishia ndani," akasema. "Nisije nikakuona unachungulia."

Akajifungia chumbani, akashusha miwani, akaanza kuyafanya maswali hamsini yeye mwenyewe, kwa futikamba, kwa punje za maharage, kwa vidole vya mikono na, alipozidiwa, vya miguu. Alitoka jioni, jasho limemlowesha kanga, tiki zote amezipiga kwa chaki ya kushonea. Ishirini na saba. Mwalimu akamshukuru. Shukrani ile ilimchoma kuliko sindano zote alizowahi kuzikalia.

Akaanza kuyatafuta majibu kwa siri. Mara tatu alikwenda mgahawani kunywa chai, na kila mhudumu aliyeinama kuweka kikombe alimbinya kola, akisema anatazama kama kazi imekaa vizuri. Kola mbili, alipozifumua, zilikuwa na makaratasi ya kalenda, moja ilikuwa imefuliwa ikawa uji. Majibu hayakuwamo. Blauzi ya ukutani hakuishuku, akiamini hiyo aliitia kitambaa halisi. Mhudumu mmoja, kijana mwenye masharubu ya majaribio, alimwomba kwa heshima kwamba kama ana nia naye angemwona kwanza mama yake.

Yaliyomshinda akawauliza wateja. Fundi mwashi alikuja kupimwa suruali, akajikuta anaulizwa vigae vingapi vinatosha chumba cha mita nne kwa tatu. Alijibu papo hapo, na Bibi Kola akaandika jibu kwa chaki kwenye paja la suruali. Muuza nyama akaulizwa habari za kilo na gramu. Kwa njia hiyo jaribio la pili likapatikana thelathini na moja, na Mwalimu siku hiyo akala chakula chote, akaomba na ukoko.

Bibi Kola hakula. Kila tiki aliyoipiga aliiona usoni mwa mjukuu wake ikigeuka kuwa matumaini, naye ndiye aliyejua kwamba matumaini yale yalitoka kwa muuza nyama.

Jaribio la tatu lilifanywa zikiwa zimebaki siku tano. Bibi Kola alifika swali la thelathini na nne, akakwama hapo. Shule ina wanafunzi mia mbili. Mwaka wa kwanza wanapungua kwa asilimia ishirini, mwaka wa pili wanaongezeka kwa asilimia ishirini. Sasa wako wangapi? Mwalimu alikuwa ameandika mia moja tisini na mbili. Bibi Kola alicheka. Wakipungua ishirini wakaongezeka ishirini, si wale wale? Akamwuliza muuza nyama, naye akasema mia mbili. Akamwuliza fundi mwashi, akasema mia mbili, na akashangaa serikali inapoteza wino kuuliza jambo kama hilo. Watu watatu wazima, kauli moja. Akapiga mkasi wa chaki, alama ya kukosa.

Alipojumlisha akapata thelathini na nne. Akajumlisha tena kuanzia chini. Thelathini na nne. Limekosekana moja.

Mwalimu alilipokea daftari, akaenda moja kwa moja kwenye ule mkasi.

"Bibi, hili nilikuwa na uhakika nalo. Mengine nabahatisha, hili nalijua. Wakishapungua wanabaki mia moja na sitini. Ile asilimia ya pili inatoka kwa hao waliobaki, haitoki kwa mia mbili. Hebu katazame tena."

Bibi Kola alisikia maneno yale yakipita masikioni, na kitu kikamchoma mahali, kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Akaingia chumbani, akakaa kitandani, akahesabu mpaka ishirini. Angesema sasa, alama zote mia moja na hamsini zingeanguka kwa pamoja, na zimebaki siku tano. Akatoka.

"Mia mbili," akasema. "Nimeona kwa macho yangu, na miwani nimevaa."

Mwalimu alilifunga daftari taratibu, akalifuta vumbi la chaki.

"Basi," akasema, "kama hilo nimekosa, sijui tena ninachokijua ni kipi."

Siku zilizofuata hakufungua kitabu. Aliamka, akaenda kwa watoto wake, akarudi, akakaa. Chakula alikizungusha sahani nzima. Siku ya tatu akasema haoni sababu ya kwenda kuaibika mbele za watu. Bibi Kola akamtania, akamwita mke mwenzangu, akamwambia babu yake alimposa mara nne na mara tatu za mwanzo alifukuzwa na ndoo. Binti alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayemlipa fadhila mzee. Ile pini ikaendelea kuchoma.

Siku ya mtihani alikwenda, kwa sababu bibi yake alimshika mkono na hakuuachia mpaka getini. Blauzi ilikuwa imemkaa barabara. Watahiniwa walipanga mstari mrefu ukutani, wengine wananong'ona hesabu kama dua, mmoja anatapika nyuma ya ua. Mlangoni alisimama msimamizi, mwanamke mrefu mwenye orodha kifuani, akirudia kwa kila mmoja maneno yale yale: simu nje, mfuko nje, na atakayekutwa na karatasi yoyote mwilini jina lake linafutwa.

Walipobaki watu wanne mbele, Bibi Kola akanyoosha mkono kuiweka sawa kola ya mjukuu wake. Ikalia. Kitambaa kigumu hakilii. Vidole vyake, vilivyobinya kola za stendi nzima, vilijua kabla yeye hajajua.

"Njoo pembeni kidogo, kola imepinda."

"Bibi, mstari unakwenda."

"Dakika moja tu, mwanangu."

"Bibi, niache. Nitapoteza nafasi, na hata hii yenyewe nimeishikilia kwa meno."

Wakabaki wawili, kisha mmoja. Msimamizi akampapasa mikono, kiuno, akapandisha shingoni, akasimama. Akabinya. Mstari mzima ukasikia mlio wa karatasi.

"Hii ni nini?"

Mwalimu aliigusa kola yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. Uso wake ukamshtaki vibaya. Msimamizi akashusha kalamu kwenye orodha, akaanza kulitafuta jina.

"Ngoja, mama," Bibi Kola akasema, akajipenyeza kati yao, mkasi mdogo umekwisha kutoka kifuani alikouficha. "Hiyo ni kazi yangu. Huyu hajui lolote. Kitambaa kiliniishia nikatia karatasi. Tazama mshono wenyewe: nimepindua ndani, nimepita mara mbili, pande zote nne zimefungwa. Mtu anayetaka kuibia angeisomaje humo? Angevua blauzi mbele yenu, afumue, asome, ashone tena?"

Msimamizi aliutazama mshono kwa muda mrefu. Huenda mama yake naye alikuwa na cherehani. Mwishowe akasema, fumua. Bibi Kola akaing'oa kola nzima kwa mikato sita, na karatasi mbili ngumu zikatoka zimekunjamana. Msimamizi akasoma kwa sauti: Kitabu cha mazoezi, majibu, jaribio la kwanza mpaka la tatu. Akageuza mbele na nyuma, akasema haya si ya mtihani wa leo, na kilichoshonwa pande nne hakisomeki. Akainua kalamu kutoka kwenye orodha. Mtahiniwa aingie, bila kola.

Lakini Mwalimu hakuingia. Alikuwa ameinama juu ya mkono wa msimamizi, kidole chake kinashuka safu ya jaribio la tatu, thelathini na mbili, thelathini na tatu, kikasimama.

"Mia moja tisini na mbili," akasema polepole. Akarudia, na safari hii mabega yalipanda, shingo ile isiyo na kola ikasimama yenyewe. "Nilipata. Nilikuwa nimepita, Bibi. Thelathini na tano."

"Si nilikwambia utapita," Bibi Kola akasema haraka. "Haya nenda, watafunga mlango."

Binti akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, akasita, akageuka. Uso haukuwa tena wa mgonjwa. Ulikuwa ule anaowatazamia watoto thelathini na wanane anapotaka kujua nani amemwaga maji.

"Bibi, majaribio yangu alikuwa anasahihisha nani?"

"Kitabu chenyewe, mjukuu wangu. Nilimaliza kusahihisha, juzi ndio nikakata hizo karatasi."

Mwalimu akaigusa shingo yake, pale nyuzi zilipokuwa zinaning'inia.

"Blauzi hii imekaa ukutani wiki sita," akasema.

Bibi Kola akamgeukia msimamizi, kama mtu atakayemsaidia. Msimamizi alikuwa ameikumbatia orodha yake, naye anangoja jibu.